Ushago wa Kijapani Uliuzwa Mara Mbili

Kama unatazama anime, hii picha unaijua hata ukiwa umefumba macho. Ni Agosti, nyenje wanapiga kelele, kuna nyumba ya mbao ya nyanya, sahani ya tikiti maji, mpunga wa kijani mpaka pale mlima unapoanzia. Kijana wa Tokyo anashuka kwenye stesheni ndogo isiyo na mtu. Amerudi nyumbani. Na wasee wa huku Nairobi, ambao pasipoti hawana, wanaitamani hiyo Agosti kama waliikulia.

Sawa. Lakini kabla mtu arudi, lazima kuna kitu kilimtoa. Mimi niliacha chuo, digrii ya historia sina, ila kwa hii stori tarehe zenyewe zinaongea.

Tuanze mbali kidogo. Enzi ya Edo, watoto wa mashambani walipelekwa mjini kufanya kazi kwa maduka ya matajiri. Likizo yao iliitwa yabuiri, na ilikuwa mara mbili kwa mwaka: tarehe 16 mwezi wa kwanza na tarehe 16 mwezi wa saba. Basi. Hiyo ya pili iliangukia karibu na Obon, siku ambazo mizimu ya wazee inaaminika kurudi nyumbani. Watu wanawasha moto mlangoni kuionyesha njia. Wanachukua tango na biringanya, wanazitia miguu ya vijiti: tango ni farasi wa kuileta mizimu haraka, biringanya ni ng'ombe wa kuirudisha polepole. Japani ilipobadilisha kalenda mwaka 1873, sehemu nyingi ziliisogeza Obon hadi Agosti, kuanzia tarehe 13 hadi 16. Ndio maana anime yako iko Agosti.

Kwa hivyo kurudi kulianza kama deni kwa waliokufa, na ruhusa kutoka kwa bosi.

Sasa shamba. Sheria ya familia ya 1898 ilimpa mtoto wa kiume wa kwanza nyumba na mali. Wadogo zake wajipange. Sheria hiyo iliondolewa 1947 baada ya vita, lakini shamba dogo halikunenepa eti kwa sababu sheria imebadilika. Bado wengine walikuwa lazima watoke.

Walitokaje? Kwa treni maalum. Kuanzia 1954, treni zilizobeba vijana wa kazi kwa kundi ziliondoka Aomori, Iwate na mikoa mingine ya kaskazini kuelekea stesheni ya Ueno, Tokyo. Wengi walikuwa na miaka 15. Walikuwa wamemaliza tu masomo ya lazima, wengine bado na sare ya shule. Waajiri walikuja kuwapokea wakawapeleka viwandani na madukani. Waliitwa "mayai ya dhahabu". Sikia hilo jina vizuri. Mwajiri hamwiti mtoto yai la dhahabu kwa mapenzi. Anamwita hivyo kwa sababu ni adimu na bei yake iko chini.

Baba zao nao walikuwa na safari yao. Wakulima wa kaskazini walienda mjini majira ya baridi, theluji ikifunika mashamba, wakafanye mjengo. Tokyo ya Olimpiki ya 1964, na ile treni ya kasi ya Shinkansen iliyofunguliwa Oktoba 1 mwaka huo huo, vina jasho la watu wa vijijini ndani yake.

Halafu ukafika mwaka 1970, na hapa ndipo mimi nilisimamisha kila kitu nikasoma mara mbili. Mwaka huo serikali ilipitisha sheria ya dharura kuhusu maeneo yanayokosa watu. Yaani ilikubali rasmi kwamba vijiji vinaisha. Mwaka huo huo, maonyesho ya Expo yalifungwa Osaka baada ya kuvuta ziara zaidi ya milioni 64, na Shirika la Reli la Taifa likabaki na swali: hizi treni tutazijaza na nani? Jibu lilikuwa kampeni ya matangazo iliyoitwa Discover Japan. Mabango yalionyesha mahekalu madogo, njia za mashambani, wasichana wa mjini wakitembea huko kama wamejipata upya.

Shirika ni lile lile, reli ni ile ile. Kwanza lilibeba watoto kuwatoa kijijini, tiketi ya kwenda. Kisha likawauzia watu wa mjini hamu ya kijiji, tiketi ya kurudi.

Treni ya mwisho ya wale vijana ilitoka Morioka ikafika Ueno Machi 1975. Sasa kuna gemu ya PlayStation inaitwa Boku no Natsuyasumi, ilitoka 2000. Unacheza mvulana wa miaka 9 aliyepelekwa kijijini likizo, anashika wadudu, anavua samaki. Imewekwa Agosti ngapi? Agosti 1975. Miezi mitano baada ya treni ya mwisho. Sisemi walipanga hivyo. Nasema utamu wa kijiji kwenye skrini unaanza pale ambapo kijiji kimemaliza kutoa watoto.

Filamu ya Takahata Isao ya 1991, Omoide Poro Poro, inalijua hili. Mhusika mkuu Taeko ni mzaliwa wa Tokyo, hana ushago wowote. Anaenda Yamagata kuvuna maua ya benibana, na kijana mkulima anamweleza kwamba mandhari anayoishangaa haikujiumba. Ni mikono ya wakulima iliyoitengeneza, kizazi baada ya kizazi.

Mikono hiyo sasa imezeeka. Mwaka 2023 Japani ilihesabu karibu nyumba milioni 9 zisizo na wakazi, ingawa nyingine ziko mijini. Kule Nagoro, bonde la Iya, mkoa wa Tokushima, shule ilifungwa 2012, na mkazi mmoja ameshona wanasesere wa ukubwa wa binadamu hadi wamewapita watu waliobaki. Watalii wanaenda kuwapiga picha.

Maoni yangu ni haya. Hamu si uongo. Aliyepandishwa treni akiwa na miaka 15 ana haki ya kulia akikumbuka mpunga. Lakini angalia nani hayuko kwenye picha. Daima ni kiangazi, kwa sababu kiangazi ndio wakati mgeni anakuja. Februari haipo, theluji ya kupiga koleo haipo, baba aliyeenda mjengo hayupo. Sisi pia tunajua hii: Desemba tunaposti ushago, Januari tunamwachia shosho kazi.

Na sasa familia nyingi Japani zinahamisha makaburi kutoka kijijini kwenda mjini, kwa sababu huko hakuna wa kuyafagia. Ukishahamisha kaburi, Obon haina tena sababu ya kukurudisha. Unabaki na anime tu, na anime haiwashi moto mlangoni.