Fomu ya mtandaoni ikikushinda, huenda kosa si lako: Hivi ndivyo tovuti inavyopimwa

Dirisha la mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, mhitimu wa kidato cha sita aliyeko Bariadi ana njia mbili. Ajaze fomu mwenyewe kwenye simu, au aende steshenari amlipe mtu amjazie.

Maombi ya Bodi ya Mikopo (HESLB) hupitia mfumo wa mtandaoni uitwao OLAMS. Mwombaji hulipa ada ya Sh30,000, huingiza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, taarifa za cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na za mdhamini. Kisha huchapa fomu, hutafuta saini na mihuri, halafu huipakia tena. Tarakimu moja ikikosewa, au ukurasa mmoja ukikosa saini, maombi yanaweza kukwama.

Wengi wakikwama hujilaumu: "Mimi na kompyuta hatuelewani." Wataalamu wa mifumo hawaanzii hapo. Watu wengi wakikosea sehemu ileile, wao hukagua sehemu hiyo kwanza. Kazi hiyo huitwa kupima urahisi wa matumizi, na vyuo vikuu vina nafasi nzuri ya kuifanya.

Kinachopimwa ni nini?

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotoka mwaka 1998 na kupitiwa upya 2018, kinaangalia mambo matatu. Je, mtumiaji anafanikisha alichokuja kufanya? Anatumia muda na nguvu kiasi gani? Anaondoka ameridhika?

Rangi nzuri na picha kubwa hazijibu maswali hayo. Tovuti inaweza kupendeza machoni na bado mtu asione pa kubofya.

Jaribio linavyofanyika

Mtumiaji wa kweli hupewa kazi ya kweli, kwa mfano: "Tafuta tarehe ya mwisho ya kuomba, kisha jaza sehemu ya mdhamini." Msimamizi hukaa pembeni na kuandika anachokiona.

Kabla ya kuanza humtoa hofu: "Tunapima tovuti, mama, hatukupimi wewe." Kisha humwomba aseme kila anachowaza huku akitumia simu. Akiuliza, "Hapa nibofye wapi?", msimamizi haonyeshi kwa kidole. Humjibu, "Wewe unaona ungebofya wapi?" Akisaidiwa tu, tatizo hujificha na timu haitaliona.

Mwishoni anaweza kujaza dodoso fupi. Linalotumika sana ni SUS, lililotungwa na John Brooke mwaka 1986. Lina sentensi 10, na majibu yake hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Wastani unaotajwa mara nyingi ni 68.

Watu watano wanatosha?

Mwaka 1993, Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba watumiaji watano hivi wanaweza kufichua takribani asilimia 85 ya matatizo. Ndiyo maana jaribio la namna hii halihitaji bajeti kubwa.

Ila kuna tahadhari. Mwaka 2003, Laura Faulkner alijaribu na watu 60 na kulinganisha makundi ya watano watano. Kundi moja liliweza kuona karibu matatizo yote, lingine likaona asilimia 55 tu. Kwa hiyo inategemea sana umemchagua nani.

Hapo ndipo Simiyu inapoingia. Mkoa huu ulioanzishwa 2012 una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2. Wengi wao ni wakulima na wafugaji, na Kisukuma ndicho lugha ya nyumbani kwa wengi. Tovuti iliyojaribiwa na wanafunzi watano wa TEHAMA jijini, kwenye kompyuta zenye intaneti ya kasi, haijajaribiwa na mzazi wa Meatu mwenye simu ya kioo kidogo, bando la siku moja na chaji inayokaribia kuisha.

Kwa nini vyuo?

Chuo kina wanafunzi wanaohitaji kazi za vitendo, walimu wanaojua mbinu, na tovuti zake chenyewe za kudahili na kusajili. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kimekuwa na kitengo cha kupima tovuti na kushauri wateja wa ndani na nje ya chuo.

Tanzania nayo ina pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki ya TEHAMA, na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) ina kituo cha utafiti na ubunifu jijini humo. Kwa Simiyu, Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kina kampasi mkoani. Meza moja, simu za washiriki wenyewe na daftari vinatosha kwa jaribio la kwanza.

Usiri wa mshiriki

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Mshiriki aelezwe kinachorekodiwa na sababu yake, akubali kwa hiari, na aweze kuacha wakati wowote. Namba ya NIDA au cheti halisi visitumike. Ziandaliwe taarifa za kubuni.

Ukikwama leo ufanye nini?

Piga picha ya kioo cha simu kabla ya kufunga ukurasa. Andika ulikuwa unafanya nini, saa ngapi, na ujumbe gani ulitokea, kisha peleka kwa huduma kwa wateja wa mfumo husika. "Mfumo unasumbua" haimsaidii fundi. "Nimebofya Hifadhi mara tatu, ukurasa unarudi mwanzo" inamwonyesha pa kuanzia.

Na kama unajaziwa steshenari, soma kila mstari mwenyewe kabla haijatumwa, na nywila yako usimwachie mtu.