Mashine za CNC

Mashine za CNC ni mashine za viwandani na karakana zinazokata na kuchonga chuma, mbao au plastiki kwa kufuata maagizo ya kompyuta. Chanzo chake ni kazi ya John T. Parsons wa Michigan, Marekani, aliyetafuta njia ya kutengeneza sehemu za ndege zenye maumbo magumu; mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine iliyosoma namba kutoka kwenye utepe uliotobolewa.

Tofauti kubwa kati ya aina zake ni kile kinachozunguka. Katika kerezo, kipande cha kazi ndicho huzunguka na kisu hukisogelea, hivyo hufaa kwa ekseli na vitu vingine vya mviringo. Katika mashine ya kuchonga, kikatio ndicho huzunguka. Ya kawaida ina mihimili mitatu, na yenye mitano hufikia pande nyingi bila kipande kufungwa upya. Nyingine hukata kwa leza, plazma au cheche za umeme. Za cheche hukata hata chuma kigumu kabisa, mradi kipitishe umeme. Usahihi wa zote bado hutegemea fundi anayeandaa mashine na kufunga kipande barabara.