Sarafu ya Heraclius na swali la mjomba

Siku nyingi sijaandika, mnisamehe, kazi za hapa London mnazijua.

Juzi mjomba kanipigia: eti ni kweli nimemaliza hela ya saruji kwa kununua sarafu moja kuukuu? Ni kweli, mjomba. Ngoja nieleze.

Sarafu hizi zinaitwa solidus. Alizianzisha Kaisari Constantine mwanzoni mwa karne ya 4. Ratili moja ya Kirumi ya dhahabu ilitoa sarafu 72, kila moja kama gramu 4 na nusu. Wafalme walikufa, wengine wakapinduliwa, mji mkuu ukahamia Constantinople, lakini dhahabu ile haikuchezewa sana mpaka karne ya 11. Hapo wakaanza kuchanganya madini mengine, ikaharibika kabisa, na mwaka 1092 Alexios I akalazimika kutoa sarafu mpya. (Shilingi yetu mnaijua wenyewe, sisemi kitu.)

Yangu ni ya Heraclius, aliyetawala 610 hadi 641. Yuko katikati na ndevu ndefu, kifuani hapo, wanawe wawili kushoto na kulia. Nyuma kuna msalaba juu ya ngazi. Wakati huo alikuwa ameshaipoteza Shamu, au alikuwa karibu kuipoteza; vita vya Yarmuk ni 636. Na hapa ndipo panaponikosesha usingizi: Waislamu walipoichukua Shamu waliendelea kutumia sarafu hii hii, watu wameshaizoea. Baadaye wakatengeneza ya kwao wakiiga wale watu watatu, ila msalaba wakaukata mikono, ukabaki mti mtupu juu ya ngazi! Mwaka wa 77 Hijria (696/697) Khalifa Abd al-Malik akaondoa picha zote, akaweka maandishi ya Kiarabu peke yake. Hiyo ndiyo dinari, gramu 4 na robo.

Muuzaji mwingine alinionyesha ya bei nafuu, haina karatasi, udongo bado umeganda pembeni. Nilitamani, jamani, nusura nichukue. Nikakumbuka Hoxne. Mwaka 1992 mkulima wa kule alipoteza nyundo shambani, rafiki yake akaitafuta kwa mashine ya kunasa vyuma, akakuta dhahabu ya Warumi. Akaacha kuchimba, akatoa taarifa. Wataalamu wakalikuta sanduku kila kitu mahali pake, sarafu karibu 15,000, zaidi ya 500 za dhahabu. Zipo British Museum, na nyundo pia ilipatikana, imewekwa huko huko. Ile ya udongo nani atajua ilitoka kaburi la nani? Nikairudisha, nikalipa zaidi kwa yenye karatasi.

Mjomba, saruji natuma mwezi ujao. Mama asiambiwe bei.