Majeraha ya michezo: Tiba ya kunyoosha viungo kwa mikono yafaa wapi, na hatari iko wapi?

Mchezaji anapoanguka uwanjani akiwa ameshika kifundo cha mguu, mara nyingi anayemfikia kwanza si daktari bali mchezaji mwenzake. Mmoja hushika unyayo, mwingine huleta mafuta ya kuchua, na mguu huvutwa ili "urudi mahali pake". Kukanda na kunyoosha viungo ni desturi ya kale katika Afrika Mashariki na Kati. Siku hizi imeongezeka tiba nyingine ya mikono yenye asili ya Marekani, iitwayo kairopraktiki, ambayo video zake za migongo na shingo zikialika husambaa sana mitandaoni.

Tiba hizo zote zinakutana na swali moja: je, jeraha hili ni la kushikwa, au ni la kuachwa mpaka lipimwe?

Chimbuko lake

Kairopraktiki ilianzishwa mwaka 1895 na D. D. Palmer katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Palmer aliamini kuwa karibu kila ugonjwa hutokana na pingili za uti wa mgongo kukaa vibaya. Nadharia hiyo haikuthibitishwa na sayansi, na kwa miongo mingi madaktari wa Marekani waliipinga tiba yenyewe. Hata hivyo, iliingia katika michezo. Mwaka 1980, timu ya Marekani ilikwenda kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, Lake Placid, ikiwa na mtabibu rasmi wa fani hiyo, George Goodheart.

Barani Afrika, Afrika Kusini inaitambua fani hii kisheria, na inafundishwa katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Katika Afrika Mashariki watabibu wake ni wachache na hupatikana zaidi katika miji mikubwa.

Mikono inafanya nini?

Mtabibu husukuma kiungo kwa haraka na kwa kipimo, au hukisogeza polepole. Mlio unaosikika si wa mfupa kurudi mahali pake. Unatokana na gesi iliyomo katika ute wa kiungo pale shinikizo linapobadilika ghafla. Baada ya hapo maumivu huweza kupungua na kiungo kulegea kwa muda.

Ushahidi ulio imara zaidi unahusu maumivu ya kiuno. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima unaitaja tiba ya mikono ya uti wa mgongo miongoni mwa njia zinazoweza kutumika, sambamba na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Matokeo yake kwa jumla yanakaribiana na yale ya mazoezi; hayayapiti kwa mbali. Kwa kifundo kilichoteguka, kusogezwa kiungo na mtaalamu huweza kurudisha mwendo wake mapema, iwapo kunaambatana na mazoezi. Kwa msuli uliochanika, ushahidi ni haba. Kano ya goti iliyokatika haiungwi kwa kusukumwa.

Kipimo cha hatua nne

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa Ottawa, Kanada, walitunga kanuni za kubaini ni kifundo kipi kinahitaji eksirei. Majeruhi asiyeweza kutembea hatua 4, au anayeumia pale mfupa wa upande wowote wa kifundo unapobonyezwa kwa nyuma au kwenye ncha yake, anatakiwa kupigwa picha. Kanuni hizi zinahitaji vidole na uangalifu tu. Hata zahanati ya kijijini inaweza kuzitumia kuamua nani apelekwe hospitali. Kabla ya hapo, mguu huo haupaswi kuvutwa wala kuchuliwa. Mfupa wenye ufa ukivutwa huweza kuachana, na jeraha la wiki 6 likageuka la miezi.

Saa za kwanza jeraha hukingwa lisiumie zaidi, hufungwa bandeji ya kubana kiasi, na mguu huinuliwa. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa hupunguza maumivu. Kuchua kwa nguvu siku hizo huweza kuongeza damu inayovuja ndani na uvimbe.

Pale ambapo tiba hii haifai

Kuna hali ambazo mtabibu mwaminifu hukataa kugusa: mfupa uliovunjika au unaoshukiwa kuvunjika, kiungo kilichochomoka, mifupa iliyodhoofika, na shingo ya mchezaji aliyegongwa kichwa. Watoto na vijana wanahitaji uangalifu zaidi, kwani ncha za mifupa yao bado zina sehemu laini za ukuaji.

Maumivu madogo ya siku moja au mbili baada ya tiba ni ya kawaida. Kuzungusha shingo kwa ghafla ni jambo jingine: mara chache kumehusishwa na kuchanika kwa mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo, na hatimaye kiharusi. Kizunguzungu kikali, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito au uso kupinda ni dalili za kukimbilia hospitali. Vivyo hivyo mwenye maumivu ya kiuno akifa ganzi sehemu za siri au akishindwa kuuzuia mkojo.

Kurudi uwanjani

Kinachomrudisha mchezaji ni mazoezi ya hatua kwa hatua: kusimama kwa mguu mmoja, kujiinua kwa vidole, kutembea haraka, kukimbia moja kwa moja, kisha kukata kona na kuruka. Maumivu kuisha si uthibitisho wa kupona. Aliyeteguka mara moja yuko katika hatari kubwa ya kuteguka tena, hasa akirudi kabla nguvu na mizani ya mguu hazijarejea.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Programu ya FIFA 11+, ya kupasha misuli kwa takribani dakika 20, haihitaji vifaa zaidi ya mpira. Utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana wanaocheza soka, uliochapishwa mwaka 2008, ulionesha majeraha yakipungua kwa takribani theluthi moja.

Kwa anayeamua kumwendea mtabibu wa mikono, yapo maswali matatu ya kuuliza kabla ya kulala kitandani: amesomea wapi na amesajiliwa na nani, anadhani jeraha ni lipi, na ni mazoezi gani atakayompa mgonjwa aende nayo nyumbani. Asiyeuliza jeraha lilipatikanaje, akaanza tu kunyoosha, ni wa kuagwa mapema.