Sebene na Rap ni Ndugu: Historia ya Muziki wa Wanafunzi, Tukianzia Hai Cinema

Leo naleta historia, maana ule ubishi kuhusu wazee na rap bado haujaisha. Mnaujua. Mzee anasema enzi zake Juba kulikuwa na bendi, watu wanapendeza, wanacheza mpaka usiku mkubwa, na sasa vijana wa chuo wamebaki kupiga kelele kwenye maikrofoni. Kijana naye anajibu kwamba bendi ni muziki wa kumlaza mtoto. Mimi naona wanagombana bure. Rap na muziki wa bendi vimetoka kwenye jambo moja, na hapa kwetu vita ndivyo vilivyovitenganisha.

Tuanze na mtaa. Juba imejaa mitaa inayoanza na Hai: Hai Malakal, Hai Thoura, Hai Cinema. Kwa Kiarabu neno hilo ni mtaa, kwa hiyo Hai Cinema ni mtaa wa sinema, basi. Lakini sisi tuliosomea Kakuma, Nairobi au Kampala tukilisikia tunasikia Kiswahili chetu: kitu kilicho hai, kinachopumua. Kumbe maneno yote mawili yana mzizi mmoja wa Kiarabu. Nalipenda jina hilo kwa sababu linatukumbusha kwamba mji huu uliwahi kuwa na mahali pa kwenda jioni, mpaka mtaa mzima ukaitwa kwa starehe hiyo.

Wakati wenyewe ulikuwa mfupi. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 ulimaliza vita vya kwanza, Juba ikawa makao ya serikali ya Kusini, na kwa miaka kama kumi na moja mji ukapumua. Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa mwaka 1975 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1977. Ukumbi wa Nyakuron nao ni wa enzi hiyohiyo. Bendi zilizotajwa sana mjini zilikuwa mbili, Skylarks na Rejaf Jazz. Hiyo "Jazz" isikudanganye ukafikiria New Orleans. Afrika Mashariki na Kongo, bendi ya dansi yenye magitaa ilijiita Jazz tu, kama TPOK Jazz ya Franco kule Kinshasa.

Na Kongo ndiyo shule yenyewe. Juba iko karibu na mpaka wa Kongo na mpaka wa Uganda, na Nairobi ya miaka ile ilijaa wanamuziki wa Kikongo. Super Mazembe walifika huko mwaka 1974, Les Mangelepa wakaanzishwa mwaka 1976, Samba Mapangala akaanzisha Virunga mwanzoni mwa miaka ya 80. Wengi tunawaita magwiji, lakini tukumbuke walikuwa wageni wenye shida ya vibali, kama sisi tu. Walicholeta kinaitwa sebene. Wimbo unaanza polepole, mwimbaji anasimulia mapenzi au tabu za maisha, halafu maneno yanakwisha. Magitaa yanashika usukani: rizimu inarudia duara lake, gitaa la katikati linajibu, solo inapanda juu, na watu waliokuwa wamekaa wanainuka. Kwenye santuri ndogo walikata wimbo katikati, sebene ikawekwa upande wa pili. Ukumbini hakukuwa na upande wa pili. Sebene ilikwisha wachezaji walipochoka.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yangu. Sebene ni kile kipande ambacho watu walikipenda kuliko wimbo mzima, na bendi ikakubali kukirefusha.

Sasa tuvuke bahari kidogo, nitawarudisha. Tarehe 11 Agosti 1973, mtaa wa Bronx, New York, msichana mmoja anayeitwa Cindy Campbell aliandaa disko kwenye ukumbi wa jengo walilokuwa wanaishi, nambari 1520 Sedgwick Avenue. Alitaka hela ya kununua nguo za kurudia shule. Aliyepiga muziki ni kaka yake, Clive, mzaliwa wa Jamaika, anayejulikana duniani kwa jina la Kool Herc. Herc alikuwa amegundua kitu. Kwenye santuri za funk kuna sekunde chache ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma inabaki peke yake, na wachezaji walikuwa wanasubiri sekunde hizo tu. Basi akaweka santuri mbili zinazofanana kwenye mashine mbili: kipande kikiisha huku, anakirudisha kule. Sekunde zikawa dakika. Rafiki yake Coke La Rock akashika maikrofoni na kuwasalimia jamaa zake kwa majina juu ya mdundo ule. Rap imeanza hapo, kwenye disko la ada za nguo za shule, iliyopigwa na mtoto wa wahamiaji.

Unaona? Herc alitengeneza sebene bila gitaa. Na Kinshasa, miaka ya 80, bendi ya vijana iliyoitwa Zaïko Langa Langa ilileta jukwaani watu wa kupiga kelele juu ya sebene, wanaoitwa atalaku. Wanataja majina ya watu, wanachochea wachezaji. Coke La Rock na atalaku hawakuwa na habari ya kila mmoja, lakini kazi yao ilikuwa moja. Kwa hiyo mzee akikuambia rap si muziki wetu, mwulize kwa upole: mzee wangu, atalaku alikuwa anafanya nini?

Huko Marekani kulikuwa pia na bendi za magitaa zilizofanya vivyo hivyo. Mashuhuri kuliko zote ni Grateful Dead wa California, walioanza mwaka 1965. Wimbo wa dakika nne wangeupiga ishirini, kila usiku tofauti, bila kujua utaishia wapi. Onyesho lao linalosifiwa sana lilifanyika chuoni, kwenye ukumbi wa Cornell University, tarehe 8 Mei 1977, mwaka uleule Juba ilipopokea wanafunzi wake wa kwanza. Waliwaruhusu mashabiki kurekodi kwenye kaseti na kupeana bure, na wanafunzi wakazisambaza chuo kwa chuo. Mwaka 1983 wanafunzi wa University of Vermont wakaanzisha bendi ya namna hiyo, Phish, ambayo hadi leo inajaza viwanja. Rap nayo ilipita chuoni: Chuck D wa Public Enemy alikuwa mwanafunzi wa Adelphi University kule Long Island, na kundi lake lilikuzwa na redio ndogo ya chuo hicho.

Kwa nini chuo? Mwanafunzi hana hela, lakini ana vitu vingine vitatu. Ana muda. Ana ukumbi wa bei rahisi. Ana wenzake mia tano wa rika moja, wasio na mtoto wa kuamshwa asubuhi. Muziki mrefu unataka vitu hivyo hivyo. Mtu mwenye njaa ya muda hawezi kusubiri dakika kumi na tano gitaa lifike linakokwenda.

Sasa turudi nyumbani, na mwaka ni uleule 1983. Wakati vijana wa Vermont wanafunga nyaya za magitaa, kwetu Bor iliasi mwezi Mei, serikali ya Kusini ikavunjwa, vita vya pili vikaanza. Juba ikawa mji wa askari, uliozingirwa na wenye amri ya kutotoka usiku. Bendi ya dansi haihitaji vipaji tu. Inahitaji umeme au jenereta, spika, nyuzi za gitaa, watu wanane wanaoweza kukutana kila siku kufanya mazoezi, na wateja wanaoweza kurudi nyumbani saa nane usiku bila kupigwa risasi. Ondoa usiku, na bendi imekufa hata kama wanamuziki wako hai.

Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Juba chenyewe kikahamishiwa Khartoum. Fikiria chuo kizima kuwa mkimbizi wa ndani. Na mwaka huohuo, mwezi Juni, yalitokea mapinduzi yaliyoleta serikali isiyopenda kuona vijana wa kike na wa kiume wakicheza pamoja. Mwaka 1994 mwimbaji Khojali Osman aliuawa kwa kisu Omdurman. Wanafunzi wa Juba walikuwa wamefika kwenye mji mkubwa, wenye kumbi nyingi, ambako kucheza nako kulikuwa hatari.

Wengine tulitoka kabisa. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Na huko Kenya vijana walikuta kitu kipya. Kutoka Dandora, mtaa maskini wa Nairobi, Kalamashaka walikuwa wanarap kwa Kiswahili na Sheng kuhusu polisi, njaa na takataka. Hawakuwa na bendi. Walikuwa na mdomo na biti. Kwa mkimbizi huo ni muziki unaobebeka: hauna uzito kwenye lori, haupigwi rungu mpakani, na kambini unaweza kupigwa kwa kugonga jerikeni.

Emmanuel Jal ndiye mfano tunaoujua wote. Alikuwa askari mtoto, akaletwa Nairobi kwa siri na Emma McCune, mfanyakazi wa misaada Mwingereza aliyefariki mwaka 1993. Wimbo wake "Gua" ulisikika sana Kenya. Lakini mimi navutiwa zaidi na albamu ya mwaka 2005, "Ceasefire", aliyoifanya pamoja na Abdel Gadir Salim, mwanamuziki mkubwa wa kaskazini, mpiga udi mwenye bendi yake. Mkusini wa rap na Mkaskazini wa bendi, kwenye mwaka wa mkataba wa amani. Nilisema rap na bendi ni ndugu. Hao walikutana rasmi.

Baada ya 2005 watu wakarudi Juba na mizigo ya kila aina, na rap ilikuwa ndani ya mizigo hiyo, kwa Kiarabu cha Juba, Kiingereza na Kiswahili. Uhuru ukaja Julai 2011, chuo kikarudi nyumbani, Nyakuron ikajaa vijana tena. Halafu Desemba 2013. Vita, na amri ya kutotoka usiku, tena. Mwaka 2016 wasanii wetu waliokutana Nairobi walianzisha Ana Taban, yaani "nimechoka" kwa Kiarabu cha Juba. Wakaimba, wakarap, wakachora kuta, wakaigiza maigizo sokoni mchana. Angalia neno hilo: mchana. Hata harakati zilipangwa kwa kufuata saa za usalama.

Ndiyo maana muziki wetu umekuwa wa maneno mengi na dansi kidogo. Tulibakiwa na atalaku, sebene ikabaki njiani.

Hapa niseme na marafiki zetu wa mashirika, kwa heshima. Mkitupa maikrofoni, karibu kila mara inakuja na mada: amani, kunawa mikono, ndoa za utotoni, virusi. Mada hizo ni za kweli na tunaziimba. Lakini ujumbe wenye mlipaji una tabia ya kumeza mwimbaji. K'naan, aliyekimbia Mogadishu akiwa mtoto, alikuwa na wimbo wake "Wavin' Flag" wenye mistari ya vita na umaskini. Ulipochukuliwa kwa tangazo la Kombe la Dunia la 2010, mistari hiyo iliondolewa, ikabaki sherehe. Kwa upande mwingine, Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978, alitunga "Mambo kwa Soksi" kuhusu kondomu. Redio ya taifa ilikataa kuupiga, watu wakausikia dansini. Hakuna shirika lililomwandikia. Ujumbe ulisafiri kwa sababu chini yake kulikuwa na bendi ambayo watu walikuwa wamekuja kuicheza hata hivyo.

Kwa hiyo msaada mkubwa kwa msanii mkimbizi ni ukumbi, umeme na saa tatu zisizo na mada. Kule Bidi Bidi, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016 na kupokea zaidi ya watu laki mbili na nusu, kimejengwa kituo cha sanaa chenye jukwaa la wazi na studio. Hiyo ni njia. Spika moja na ruhusa ya kubaki mpaka saa nne usiku chini ya ulinzi ni njia pia, tena ya bei rahisi. Vijana watarap, mmoja ataleta gitaa, mwingine atagonga jerikeni, na kipande kizuri kikifika, hakuna atakayekikata kwa sababu ya ratiba.

Na nyinyi vijana wenzangu, hasa mlioko vyuoni Juba, Kampala na Nairobi: wazee waliocheza Skylarks na Rejaf Jazz bado wapo, lakini si wengi, na wengine wako kwenye kambi hizihizi. Mwendee mmoja wiki hii. Mwulize bendi ilipiga wapi, nani alishika solo, kiingilio kilikuwa kiasi gani, walirudi nyumbani saa ngapi. Rekodi kwa simu, ukimwomba ruhusa kwanza, halafu weka hapa kwenye maoni. Mwenye biti atafute sebene moja ya zamani aijaribu chini ya mistari yake. Nasubiri kusikia.