Saratani ya ovari: Michango Karagwe na Kyerwa isiishie safari ya kwanza

Mgonjwa wa saratani akipewa rufaa ya kwenda Mwanza, ndugu na majirani huchanga fedha za kumfikisha huko. Kwa saratani ya ovari, kufika ni mwanzo tu. Matibabu yake ya kawaida ni upasuaji na dawa za kemotherapia, mara nyingi karboplatini na paklitakseli, zinazotolewa kwa awamu sita zilizopishana wiki tatu.

Kwa mgonjwa wa Kayanga au Nkwenda anayerudi nyumbani kila baada ya dawa, huku akisindikizwa na mtu mmoja, hizo ni nauli 24: watu wawili, kwenda na kurudi, mara sita. Bado malazi, chakula na vipimo vya damu kabla ya kila awamu. Kamati ya michango isiyopiga hesabu hiyo tangu siku ya kwanza inaweza kuishiwa fedha kwenye awamu ya tatu, na dawa iliyokatizwa njiani hupunguza nafasi ya kupona.

Ovari ni viungo viwili vidogo vinavyotengeneza mayai ya uzazi. Dalili za saratani yake ni tumbo kujaa na kuvimba, kushiba baada ya kula kidogo, maumivu ya nyonga na kukojoa mara kwa mara. Hufanana na za vidonda vya tumbo au maambukizi ya njia ya mkojo, hivyo mwanamke anaweza kutibiwa maradhi hayo kwa miezi kadhaa wakati saratani ikisambaa. Dalili mpya zinazojirudia karibu kila siku kwa wiki mbili au tatu, hasa kwa aliyevuka miaka 50, ni sababu ya kuomba uchunguzi wa nyonga na ultrasaundi.

Hapa elimu inayotolewa kwa umma huhitaji uangalifu. Saratani ya mlango wa kizazi ina kipimo cha kuigundua mapema na chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Ya ovari haina chanjo wala kipimo kinachopendekezwa kwa wanawake wasio na dalili. Tangazo linalowaita wanawake "wakapime saratani" bila kusema ni ipi huwaachia utulivu usio na msingi: majibu mazuri ya mlango wa kizazi hayasemi lolote kuhusu ovari.

Historia ya ukoo nayo ni muhimu. Mabadiliko katika jeni za BRCA1 na BRCA2 huongeza hatari ya saratani ya ovari na ya matiti, na yanaweza kurithiwa kwa baba kama kwa mama. Kwa hiyo ugonjwa wa shangazi una uzito kama wa mama mdogo.

Nchini Marekani, mchekeshaji Gilda Radner aligunduliwa kuwa na saratani hiyo mwaka 1986 baada ya miezi ya kulalamikia maumivu na uchovu. Alifariki dunia Mei 1989, akiwa na miaka 42. Mumewe, mwigizaji Gene Wilder, aliendesha kampeni ya kuwahimiza madaktari na familia kuulizana kuhusu historia ya ukoo, na mwaka 1995 kituo cha kwanza cha kuwasaidia wagonjwa kilichobeba jina la Gilda kilifunguliwa New York.

Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, swali gumu zaidi ni la fedha. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Bukoba. Bugando, hospitali ya kanda yenye idara ya saratani, ilibaki nje. Familia inayopata majibu Januari, kahawa ikiwa bado changa, hushawishika kuingia butura: kuuza mavuno kabla hayajaiva, kwa bei ya kutupa, biashara ambayo Serikali imeipiga marufuku mara nyingi.

Vikundi vya kufa na kuzikana vina daftari, mweka hazina na nidhamu ya kuchanga. Kinachokosekana mara nyingi ni kifungu cha katiba kinachoruhusu fedha kutoka mwanachama angali hai. Kifungu hicho kikiwekwa, fedha zitolewe kwa awamu kulingana na kadi ya hospitali, na masalio yajulikane mapema yatakwenda kwa nani.

Siku ya Saratani ya Ovari Duniani imeadhimishwa Mei 8 tangu mwaka 2013. Katika wilaya hizo mbili, siku hiyo huangukia karibu na kufunguliwa kwa msimu wa kahawa, wanachama wanapokutana kwenye vyama vyao vya msingi na fedha zikikaribia kuingia mikononi.