Aliyesalia Nyuma Njia ya Karagwe

Waingereza wana neno straggle, linalobeba mambo mengi kwa mkupuo: kujikokota nyuma ya wenzako, kuiacha njia na kuzagaa, hata nyumba zilizotawanyika ovyo kando ya barabara. Wasafiri wa Kiingereza wa karne ya 19 waliwatupia wapagazi neno hilo, na wengi wetu tunaosoma vitabu vyao tumelipokea bila kuuliza. Nadhani tumekosea. Neno hilo lilifunika tofauti ambazo watu wa misafara wenyewe walizijua, na ushahidi mzuri uko Karagwe, katika nchi ambayo kata ya Ihembe imo.

Njia ya kutoka Tabora kwenda Buganda ilipita Karagwe, na Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya mfalme, Mukama Rumanyika. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, bila kuhesabu mkeka na chungu chake. Kirangozi, kiongozi wa njia, alitangulia, mwenye mali mara nyingi alitembea nyuma kabisa ili watu wasitoroke. Jioni mtu akikosekana kambini, Kiswahili kiliuliza: ametoroka, anaumwa, au amepotea? Mtoro alifuatwa kwa sababu ya mzigo. Mgonjwa, mzigo wake uligawiwa wenzake, na mara nyingine, kwa huzuni kubwa, aliachwa njiani, hasa ndui ilipoingia. Aliyepotea karibu aliweza kuifuata sauti ya baragumu, ile pembe ya tandala. (Kwa Kinyambo ihembe ni pembe, sidai kwamba jina la mahali lilitoka kwenye misafara.)

Tazama sasa James Grant, mmoja wa wasafiri hao wa karne ya 19. Yeye na msafiri mwenzake John Speke walifika kwa Rumanyika Novemba 1861. Mguu wa Grant ukavimba hata asiweze kusimama, na Januari 1862 Speke akaenda zake Buganda akimwacha. Alikaa miezi mitatu zaidi, akilishwa na kutibiwa na wenyeji, mpaka Aprili alipobebwa kwa machela kumfuata mwenzake. Kwa maana halisi ya kutembea, hakuna aliyesalia nyuma kuliko yeye. Lakini hakuna aliyemwita straggler, na ni haki: alikuwa mgonjwa. Haki hiyo hiyo ndiyo aliyonyimwa mpagazi mwenye kidonda cha mguu, kwa sababu neno lilikwisha kumhukumu kabla hajatazamwa.

Utaniambia kwamba viongozi wa misafara wa pwani nao walikuwa wakali, na kwamba utoro ulikuwa hasara ya kweli, maana wapagazi walilipwa sehemu ya ujira kabla ya kuondoka. Sibishi. Msafiri Stanley aliwafunga watoro minyororo, naye hakuwa peke yake. Lakini mtoro ni mtu aliyeamua; neno linamtambua kuwa na nia, hata linapomlaumu. Straggler halisemi kama mtu ameamua au ameanguka, na hapo ndipo adhabu ilipowapata wote wawili kwa fimbo moja. Anayetafsiri vitabu hivyo leo kwa wasomaji wa Ihembe ana kazi ya kurudia kila ukurasa, atazame kama siku hiyo palikuwa na ndui, njaa au mvua, kabla ya kuandika mtoro.